Mbuzi wa Gichovi Hawahesabiwi

Mali yenye daftari ndiyo hupotea, tena kwa habari na kelele. Najua methali mliyofunzwa shuleni inasema kinyume, na mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni kwa mwandiko wa kuvutia. Lakini aliyeitunga hakuwahi kufuga mbuzi Karurumo. Huku ukitaka mbuzi wa mtu afe huhitaji sumu wala mchawi. Simama tu kwenye ua wake, nyosha kidole, uanze: mmoja, wawili, watatu.

Mzee Gichovi ndiye bingwa wa imani hiyo. Ukimuuliza ana mbuzi wangapi, atakujibu kwamba wapo. Ukimuuliza tena, atakuuliza wewe una meno mangapi. Mtu wa chanjo ya mifugo alipokuja na kutaka kujua alete dawa kiasi gani, Gichovi alimwambia achanje tu mpaka aone mbuzi wameisha. Jioni hahesabu. Husimama kwenye mlango wa zizi akiwatazama usoni wakiingia, na asipouona uso fulani anajua ni nani hajarudi na huenda anakula kwa nani. Ni mzee wa kanisa, hukaa kiti cha mbele, na ukimwambia kuogopa hesabu ni ushirikina atakukumbusha kwamba Mfalme Daudi aliwahesabu watu na tauni ikaja. Diploma yangu ni ya elimu ya chekechea, si ya Agano la Kale.

Mimi ni Karwirwa. Kwetu ni Githongo, upande wa Meru, lakini nafundisha chekechea hapa Karurumo, Embu, katika darasa moja walilojenga wazazi wenyewe, lenye ukuta mrefu mtupu unaotazama njia ya kwenda sokoni. Nilipofika nilikuta chati ya nambari tuliyoachiwa na wafadhili. Moja ilikuwa zabibu. Mbili ilikuwa pengwini. Watoto walitaka kujua kama pengwini ni kuku aliyevaa koti la mchungaji, kama anataga, na kama mchungaji anajua. Tatu hatukuifikia muhula mzima kwa sababu ya maswali.

Ndipo nikaenda kwa Cucu Njura.

Cucu ndivyo wanavyomwita nyanya huku, na huyu si nyanya yangu wala hatafuti mjukuu mwingine. Alio nao wanamchosha. Alianza kuchora uzeeni, goti lilipokataa kumshusha shambani kuchuma kahawa. Fundi aliyepaka geti lake aliacha nusu kopo ya rangi ya samawati, na Cucu hakuweza kuvumilia kuiona imekaa tu kama mkwe asiye na kazi. Akapaka mlango wake. Akapaka tangi la maji, kisha banda la kuku, kisha jirani alipokwenda harusini Kanja, akapaka mlango wa jirani. Hakufunzwa na mtu. Ukimuuliza mwalimu wake alikuwa nani, anakuuliza ni nani aliyemfunza jogoo kuwika. Unyenyekevu kwake ni kazi ya watu wasiojua kuchora.

Tangu hapo amekuwa akikirudishia kijiji fadhila zake, kijiji kitake kisitake. Amechora kinu cha posho, choo cha soko, na ukuta wote wa mbele wa zahanati. Haombi chochote, hata ruhusa. Ana sheria moja tu: hachori kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Kanisa lilipomwomba safina ya Nuhu, aliwachorea Nuhu na ng'ombe, kuku, na punda wa yule kijana anayeuza maji. Walipouliza simba na ndovu wako wapi, alisema hao walipanda mashua nyingine.

Kwenye zahanati alichora foleni ya wagonjwa, na katikati ya foleni, akimsukuma mama mwenye mtoto kwa kiwiko, alikuwa Mbogo, mwenyekiti wa kamati ya chekechea yetu. Mbogo alilalamika kwamba yeye hasukumi watu. Cucu Njura akamjibu kwamba alisukuma, siku ya soko, akiwa na koti hilo hilo alilovaa sasa. Tangu hapo Mbogo akienda zahanati husimama mwisho wa foleni kama mti wa simu na kuwasihi wengine watangulie. Foleni imenyooka. Wagonjwa wanamshukuru Cucu. Mbogo hajawahi kumshukuru.

Basi nikamwomba anichoree nambari. Akauliza watoto hao wanajua nini vizuri. Nikasema, bila kufikiri sana, mbuzi.

Alichora likizo yote ya Agosti, kwa rangi za masalio, udongo mwekundu na masizi ya chungu, juu ya ngazi aliyokataa mtu yeyote aishike. Shule ilipofunguliwa tulikuta kundi la mbuzi limepanga mstari ukutani kutoka upande wa choo hadi upande wa geti, kila mbuzi na nambari yake chini ya kwato. Wengine walitafuna sukuma wiki. Nilifurahi nikapiga makofi.

Mimi ni mgeni. Niliona mbuzi. Watoto wa Karurumo waliona watu wanaofahamiana nao. Huyu, walipiga kelele wakikimbilia ukuta, ndiye aliyekula sweta yangu. Yule mwenye sikio lililoraruka ndiye aliyeingia kanisani siku ya ubatizo. Kulikuwa na mmoja mwenye ndevu upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili ulitafunwa na mwenzake, na mwingine aliyekutazama kama mama mkwe anayeonja ugali wako kwa mara ya kwanza. Walikuwa mbuzi wa Gichovi, wote, sura kwa sura, kwa mpangilio ule ule wanaopitia njiani asubuhi. Cucu Njura alichora alichokiona, na alichokiona kila siku kupitia tundu la ua wake kilikuwa hao hao, na mboga zake vinywani mwao. Watu walisema amelipiza kisasi. Yeye alisema ni uangalifu.

Nikashika kijiti, nikaonyesha mbuzi wa kwanza, na watoto wakahesabu kwa sauti iliyosikika mpaka Runyenjes. Wakati huo huo Gichovi alikuwa anapita na kundi lake. Akasimama. Mbuzi wake wakasimama. Kwa muda makundi mawili yakatazamana, la nyama na la rangi, na yule mwenye ndevu nusu akatoa sauti kama anayejitambua. Gichovi akautoa mdomoni muguka, yale majani ya kuchangamsha anayotafuna kutwa, jambo ambalo halifanyi hata akisalimiwa na askofu, akasikiliza watoto wakipanda nambari moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Ile ya mwisho alikuwa hajawahi kuijua maishani mwake. Aliwaambia watu baadaye kwamba ilikuwa kama kusikia tangazo la kifo chake redioni, na jina la kijiji limetamkwa sawasawa. Nambari yenyewe siiandiki hapa. Mimi si mkatili.

Jioni ile mbuzi mwenye sikio lililoraruka alivimba tumbo na kukataa kusimama. Kila mtu alijua sababu: alikuwa amevunja ghala la Salesio, jirani yao, na kula maharagwe makavu kisha akanywa maji. Gichovi hakubisha. Aliuliza tu ni nani aliyemtuma kwenye maharagwe. Hesabu ndiyo iliyomtuma. Asubuhi mbuzi akapona, baada ya kutoa upepo ambao Salesio anaapa ulimfungulia dirisha, lakini mambo yalikuwa yameshafika kwenye kamati.

Kamati ilikutana darasani kwangu, wazee wote wamekalia viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Gichovi alitaka mambo mawili. Ukuta upakwe chokaa kabla ya Jumamosi, na mwalimu huyu wa Meru aombe radhi mbele ya wazazi wote. Mbogo, mwenyekiti, alikubali upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Nilimwelewa. Chokaa ikishaanza kutembea kijijini, nani ajuaye, siku moja ingefika zahanati. Tayari alikuwa ameichanganya kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa mlangoni.

Cucu Njura aliingia bila kuitwa, akaruka ndoo, na akakataa kiti.

Alisema kuta nyingine zote wanaweza kuzichukua. Wakitaka choo cha soko, wachukue. Huu hautoi. Yeye hakuwahi kuingia darasani. Nambari alifunzwa na madebe ya kahawa, kwa kuweka kokoto mfukoni kila debe lilipojaa, na mpaka leo akihesabu mbele ya watu hutazama kwanza kama kuna anayecheka. "Hawa watoto hawatatazama mtu," alisema. "Mkitaka kupaka chokaa nitasimama hapo ukutani, na mnipake na mimi. Anza na miguu, Mbogo, ndiyo iliyo karibu nawe."

Hakuna aliyemwangalia usoni. Gichovi alisema kwa upole kwamba yeye hana ugomvi na Cucu, ila ana mbuzi, na mbuzi hawajui mambo ya madebe. Nikaona wanaanza kuinuka, na mkono wa Mbogo unaelekea kwenye ndoo. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Mzee Gichovi, mtu akihesabu mbuzi wako akakosea, wanadhurika?"

Wote wakakaa tena. Swali hilo, kumbe, halijawahi kuulizwa. Gichovi alitafuna muguka akifikiri. Salesio alidhani wanadhurika kidogo, labda kwato tu. Lakini Mbogo, ambaye hakujua anajichimbia shimo, alikumbuka kwamba baba yake marehemu alikuwa akimdanganya mtoza kodi makusudi, kwa sababu balaa hufuata hesabu, na hesabu ikiwa ya uongo balaa hufika nyumba isiyokuwepo na kupotea njiani. Wazee waliguna wakikubali. Gichovi alikiri kwamba hata kwao ilisemwa hivyo. Hesabu isiyo sawa haina meno.

"Basi ukuta ukosee," nikasema. "Cucu aongeze mbuzi mmoja ambaye si wako. Watoto watahesabu, na watakuwa wamekosea kila siku, na wewe utalala usingizi."

Gichovi alipenda. Aliyekataa alikuwa Cucu Njura. Alisema yeye hachori mbuzi wa kubuni. Akianza kuchora visivyokuwepo, leo mbuzi, kesho malaika, mwisho atachora Mbogo akiwa na tabia njema. Kama wanataka mbuzi wa ziada, wamlete amwone.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kutoa mbuzi wake akahesabiwe. Salesio alisema wake ni mjamzito. Mbogo alisema wake ni wa mkewe. Mtu mmoja akapendekeza kuku, lakini kuku katikati ya mbuzi angewachanganya watoto, nao tayari walikuwa na historia ya pengwini. Mzozo ukawaka upya. Gichovi aliniambia msichana wa Meru anapenda kuchezea mali ya Embu kwa kuwa ya kwao iko mbali. Damu ikanipanda.

"Nichore mimi," nikamwambia Cucu.

Cucu Njura alinitazama kutoka kitambaa cha kichwani mpaka viatu, polepole, kama mtu anayepima mlango kama utapitisha kitanda.

"Sijakuona ukiwa mbuzi," alisema, na alivyosema ilikuwa kama ni suala la muda tu.

Hivyo ndivyo mimi, mwenye diploma, nilivyotoka nje nikapiga magoti kwenye nyasi mbele ya kamati, nikaweka viganja chini, na nikaning'iniziwa majani ya viazi vitamu mdomoni. Sketi yangu ilikuwa ya kijivu, kitambaa cha njano. Wazazi waliokuwa wakipita njiani waliacha kupita. Watoto, ambao hawajawahi kutulia kwa somo lolote nililoandaa, walikaa kimya wamepanga mistari bila kuambiwa. Cucu Njura alipanda ngazi na kuchukua muda wake. Kila nilipoinamisha uso kwa haya alinigombeza.

"Inua kichwa, kasichana. Mbuzi hana aibu. Ukiwa na aibu nitachora kondoo."

Nikainua kichwa. Ukijaribu utagundua kwamba hilo ndilo gumu zaidi, kuliko magoti. Baada ya muda nilizoea. Niliyatafuna yale majani kidogo.

Alipomaliza, Gichovi alisogea. Aliutazama ukuta, kisha akanizunguka mimi pale chini kama azungukavyo mnyama sokoni Jumamosi, mikono nyuma, akiinama kuangalia mguu. Kila mtu alisubiri. Cucu Njura alishika brashi yake kwa mikono miwili, na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akitazama kama kuna anayecheka.

"Huyu si wangu," Gichovi alisema mwishowe. Kisha, kwa haki, akaongeza: "Na singemnunua."

Ukuta ukapona. Chokaa ikapakwa mawe ya kando ya geti, kwa kuwa haikufaa kuharibika, na Mbogo aliyapaka mwenyewe kwa uchungu ulioonekana. Asubuhi iliyofuata watoto walihesabu mbuzi wote wa Gichovi kwa mpangilio, na walipofika wa mwisho, mwenye kitambaa cha njano, hawakutaja nambari. Walisema "Mwalimu", wakapiga makofi. Gichovi alipita akipiga mluzi. Alisimama tu kutuomba tuhesabu kwa sauti zaidi, ili balaa isikie vizuri na ipotee kabisa.

Mambo yangeishia hapo kama mzazi mmoja hangenipiga picha nikiwa pale magotini, mstari wa mbuzi wa ukutani nyuma yangu. Ilifika Githongo kabla sijatema majani.

Sijui ninyi mnakotoka, lakini huku kwetu, Meru na Embu sawa, watu wakiona msichana na mbuzi kwenye mstari mmoja hawafikirii hesabu wala chekechea. Wanafikiria mahari. Picha ilizunguka Githongo nzima kwamba binti ya Mithika ameolewa Embu na mbuzi wameshaletwa. Baba yangu, Mithika, alikuwa akipeleka kahawa kiwandani aliposimamishwa na jirani aliyenuna kwa kutoalikwa karamuni. Mwingine alimpa pole, akisema mbuzi ni wachache mno kwa msichana mwenye diploma, na wawili kati yao wanaonekana wagonjwa. Shangazi Ciakuthii aliikuza picha kwa vidole mpaka akamwona Gichovi ukingoni, na shavu lake limejaa muguka, akatangaza kwamba bwana arusi ni mzee.

Huku nako, Beth, mkewe Gichovi, alifika shuleni amejifunga leso kiunoni kuuliza kama mimi ndiye mke wa pili. Nilimwambia aulize ukuta. Akaenda akauuliza, kwa maneno nisiyoweza kuwafunza watoto, na Gichovi akapata shughuli ya ghafla upande wa Kanja. Mbogo aliona nafasi yake. Alikuja na ndoo nyingine ya chokaa, akaiweka mlangoni, akasema kwa sauti ya kunihurumia kwamba chaguo ni langu.

Baba alipiga simu mchana, watoto wamelala kwenye mikeka. Alikuwa na mchungaji kando yake, na mchungaji alinisalimia, na shangazi akasikika nyuma akiuliza kama ninakula vizuri kwa huyo mzee. Baba alieleza kwa utaratibu. Nimwombe yeye radhi. Nimwombe Beth radhi. Wazee wa kanisa la Githongo waliochekwa kwa ajili yangu, nao niwaombe. Kisha ukuta upakwe chokaa, na atawaambia watu ilikuwa mzaha, na mzaha hauna picha tena.

"Neno moja tu, Karwirwa mwanangu," alisema, akishusha sauti ile ya maombi. "Sema pole, yaishe."

Kupitia dirishani nilimwona Cucu Njura. Alikuwa ameegemea ngazi yake ukutani, katikati yangu mimi wa rangi na mbuzi wa sikio lililoraruka, akisikiliza bila hata kujifanya hasikilizi. Miguu yake alikuwa ameiweka karibu kabisa na ndoo ya Mbogo.

"Baba," nikamwambia, "nakuheshimu, na mchungaji namheshimu. Mahari hayajaletwa, na yakiletwa hutayaona kwenye simu. Lakini nilipiga magoti kwa hiari yangu, mchana kweupe, na nikainua kichwa nilipoambiwa. Ukuta haupakwi chokaa. Na radhi siombi. Siombi kwako, siombi kwa Beth, siombi kwa Githongo yote na Embu yake. Mwambie na shangazi."